Kompyuta Haijui Kwamba Abiria Hukimbilia Upande Mmoja

Nimekuwa kimya kwa muda, kazi zilinizidi, lakini hili limenikaa kooni na leo nalitoa. Leo tunazungumzia meli. Naam, meli! Najua mtakavyosema, kwa sababu mjomba wangu hapa hapa Kiboko alishasema: "Mwanangu, wewe mtoto wa Ukambani, maji ya kunywa tunayafuata na punda, wewe na meli ni wapi na wapi?" Siku ile sikumjibu vizuri. Namjibu leo.

Kwa wasioijua Kiboko, ukitoka Nairobi kwa barabara ya Mombasa unapita Emali, unapita Simba, na kabla hujafika Makindu ndipo kwetu. Kuna malori, kuna kituo cha utafiti wa mimea ya nchi kame, kuna mto wenye jina la mnyama. Bahari iko mbali, Ziwa Viktoria liko mbali zaidi. Lakini mjomba, meli zimepita hapa! MV Victoria ilitengenezwa Scotland na kampuni ya Yarrow mwaka 1959, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Mombasa, ikapakiwa kwenye mabehewa na kupandishwa kwa reli ile ile inayokatiza kati ya Simba na Makindu, mpaka Kisumu. Huko ikaunganishwa na kuanza kazi mwaka 1961. Fikiria babu amechunga mbuzi kando ya reli, meli nzima inampita ikiwa kwenye masanduku, naye hajui.

Sasa tazameni jambo moja. Masanduku yale yalipofika Kisumu, mafundi wetu walikuwa na kazi ya kuunganisha tu. Meli iwe na upana gani, uzito wake ukae wapi, ibebe watu wangapi, hayo yote yalikwisha amuliwa na watu wengine, mezani, mbali sana na ziwa lenyewe. Ugomvi wangu wa leo ni huo, na usidhani ni ugomvi wa mwaka 1959.

Mwaka 2023 kampuni moja yenye vyombo vya kuvusha abiria (jina lake nalihifadhi) iliniita niwaandikie programu ya tiketi. Kazi nyepesi. Nikamwuliza bosi: tiketi zikifika idadi gani nifunge mauzo? Akanijibu bila hata kuinua macho kwenye simu yake: "Hiyo namba usiifunge. Weka mahali ambapo tunaweza kubadilisha wenyewe. Siku za sikukuu mambo huwa mengine." Nikaomba kuona kitabu cha uthabiti wa chombo, kile kinachoonyesha chombo kinavyosimama majini kikiwa na mizigo tofauti tofauti. Alinitazama kama nimemwomba namba ya siri ya benki. Kisha akasema maneno ambayo sijayasahau hadi leo: "Kijana, hayo yalishapigwa hesabu na kompyuta huko kilikotengenezwa."

Niliiacha kazi ile. Sijigambi, hata bei hatukupatana. Lakini jibu lile lilinipeleka kusoma hesabu zenyewe, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyokasirika. Maana mimi ndiye mtu wa kompyuta. Digrii yangu ni ya kompyuta, mkate wangu ni wa kompyuta, na ninajua kwamba kompyuta hujibu swali iliyoulizwa na si lingine. "Kompyuta ilipiga hesabu" bila kusema iliulizwa nini ni sawa na kusema "mganga alisema" na kuishia hapo.

Hebu tueleze mambo kidogo ndipo tugombane vizuri.

Kabla bamba la kwanza la chuma halijakatwa, kuna kipindi kifupi ambacho meli ni namba chache tu: urefu, upana, kimo cha bodi, kina cha kuzama, uzito, mwendo. Hizo ndizo hatua za mwanzo za kubuni meli. Mwaka 1959 (mwaka ule ule wa Victoria, kwa bahati) mtaalamu aitwaye J. Harvey Evans aliuchora mchakato huu kama mduara unaojikunja kuelekea ndani. Unaanza na makisio. Unapiga hesabu ya kuelea, kisha ya uthabiti, kisha ya injini, kisha ya gharama, halafu unagundua kwamba makisio yako ya kwanza yalikuwa na kasoro. Unarudi mwanzo, unazunguka tena, safari hii mduara ni mdogo zaidi. Zamani mzunguko mmoja ulikuwa kazi ya siku nyingi za kuchora kwa mkono na kupima maeneo ya michoro. Leo ni sekunde.

Programu za kufanya hivyo zipo tele. Ziko za wenye pesa, kama NAPA ya Finland na Maxsurf iliyoanzia Australia. Ziko za watu kama sisi: FREE!ship, programu huria iliyotolewa miaka ya 2000 kwa leseni ya GPL, na ndugu yake DELFTship yenye toleo la bure. Unavuta nukta huku na huku, bodi inabadilika mbele ya macho yako, na pembeni namba zinabadilika pia. Nguvu ya injini unaweza kuikisia kwa fomula za Holtrop na Mennen za mwaka 1982, zilizotokana na majaribio ya vielelezo vya meli kwenye birika huko Uholanzi. Kipakatalishi cha mitumba cha pale Luthuli Avenue kinatosha kwa haya yote. Kwa hiyo anayesema hatuna vifaa aniondolee kelele.

Hatua hizi zina utamu mmoja: kubadilisha ni bure. Ukitaka kuongeza upana mita moja, unaandika 6 palipokuwa na 5, basi. Chuma kikishakatwa, mita hiyo moja ni ndoto. Chombo kikishapewa cheti na kuzinduliwa kwa ngoma na utepe, umechelewa kabisa.

Sasa hesabu. Msikimbie, ni kuzidisha na kugawanya tu. Nimeandika programu yangu ndogo ya Python, mistari kama 60, na nimechukua chombo rahisi kuliko vyote, sanduku lenye kuta wima. Urefu mita 20, upana mita 5, kimo cha bodi mpaka sitaha mita 2.5. Uzito wake mtupu tani 100, na kitovu cha uzito kiko mita 1.8 kutoka chini. Chombo ni cha kubuni, si cha mtu yeyote, asije mtu kunishtaki. Maji ni ya ziwa, yaani mita moja ya ujazo ni tani moja.

Kina cha kuzama unakipata kwa kugawanya uzito kwa urefu mara upana: tani 100 kwa mita za mraba 100, mita moja kamili. Kitovu cha kuelea kiko nusu ya hapo. Halafu unachukua upana, unauzidisha kwa wenyewe, unagawanya kwa kina mara 12. Jumlisha na kile kimo cha kitovu cha kuelea. Unapata nukta iitwayo metasenta, ambayo unaweza kuifikiria kama tawi ambalo chombo kinaning'inia mfano wa bembea. Toa kimo cha kitovu cha uzito. Kinachobaki wataalamu hukiita GM. Ikiwa kubwa, chombo kikiinama hujirudi chenyewe. Ikikaribia sifuri, chombo kinakwenda mrama (na sasa mnajua neno hilo limetoka wapi). Chombo changu kitupu kina GM ya mita 0.78. Safi.

Tuweke abiria. Kanuni za kimataifa za uthabiti, zile za IMO za mwaka 2008, zinasema mtu mmoja ahesabiwe kuwa kilo 75, na zinataka ujaribu hali mbaya, kwamba abiria wote wamesongamana upande mmoja, watu wanne kwa kila mita ya mraba. Kikitokea hicho, chombo kisiiname zaidi ya digrii 10. Cheti cha chombo changu kinasema abiria 60. Nawaweka wote ukingoni. GM inakuwa mita 0.64, chombo kinainama digrii 8 hivi. Kimepita. Pigeni makofi.

Sasa ni mkesha wa sikukuu, na bosi amebadilisha ile namba. Nawaweka watu 300. Mnaweza kusema nimetia chumvi, mara tano ya cheti! Haya, subirini. Tani 22.5 zimesimama juu ya sitaha, kitovu cha uzito kimepanda, kina cha kuzama kimeongezeka, metasenta imeshuka. GM imebaki mita 0.20. Wakielemea upande mmoja, chombo kinainama digrii 20. Na kama chumvi imewakera, wafanyeni 200 tu: digrii 19. Digrii 20 si namba ya karatasini. Ni mteremko mkali kiasi kwamba magunia yanaserereka, pikipiki zinaanguka, na hakuna tena anayechagua asimame wapi. Waliokuwa wanne kwa mita ya mraba wanakuwa sita kwa kulaliana, na kwa watu 300 programu yangu inaonyesha ukingo wa sitaha umefika kwenye maji. Baada ya hapo sihitaji programu.

Na hapa kuna kitu kilichonifanya niamke usiku. Kanuni zile zile zina kipimo kingine, kwamba GM isipungue mita 0.15. Chombo changu chenye watu 300 kina 0.20! Kimepita! Ukiwa na programu inayoonyesha alama ya kijani kwa kila sharti lililotimizwa, na ukawa mvivu, au umelipwa uwe mvivu, unaweza kuchapisha ukurasa wenye alama hiyo ya kijani na kuupeleka mkutanoni. "Kompyuta imekubali." Kweli imekubali. Hukuiuliza kuhusu watu kukimbilia upande mmoja.

Na watu hukimbilia, jamani. Yeyote aliyevuka Likoni anajua chombo kikikaribia gati watu wanavyosogea mbele wawe wa kwanza kushuka. Mvua ikinyesha kutoka kusi wanahamia upande mkavu. Mtu akionekana majini wote wanakwenda kuchungulia. Mwaka 1628 huko Stockholm, kabla meli ya kivita Vasa haijaondoka, mabaharia 30 waliambiwa wakimbie kutoka upande hadi upande, na ikayumba vibaya hata zoezi likakatishwa. Wakubwa waliona kwa macho yao, na bado ikang'oa nanga Agosti 10 na kupinduka kabla haijafika mbali. Wale angalau walijaribu. Karibu miaka 400 baadaye sisi tuna zana za kuwakimbiza mabaharia hao ndani ya kipakatalishi, usiku, bila kulowesha mtu, na hatuwakimbizi.

Rudi kwenye sanduku langu. Nabadilisha namba moja tu, upana, kutoka mita 5 kuwa 6. Nakadiria chuma cha ziada tani 12. Watu ni wale wale 300, wamesongamana vile vile. GM: mita 1.15. Kuinama: digrii 9. Mita moja! Kwa sababu upana unazidishwa kwa wenyewe, mita hiyo moja ina nguvu kuliko mabango yote ya "Usizidishe Abiria" yaliyowahi kubandikwa. Ina gharama yake, chombo kipana kinasukuma maji zaidi na injini inakula mafuta zaidi, na huenda gati lenu likawa jembamba. Sawa. Hayo ndiyo mazungumzo ninayotaka yafanyike, yafanyike mapema, na yafanyike mbele ya watu watakaopanda.

Najua pingamizi. Nimeambiwa na watu wazima wenye tai: "Kuzidisha abiria ni kosa la kisheria, si suala la kubuni chombo. Polisi wafanye kazi yao." Nakubali nusu. Anayezidisha abiria ashtakiwe. Lakini hebu nionyesheni sitaha. Chombo changu cha kwanza kina sitaha ya mita za mraba 100. Kwa watu wanne kwa mita, inachukua watu 400 wamesimama. Watu 60 wa kwenye cheti wanahitaji mita za mraba 15. Hizo 85 nyingine ni za nini? Mtaniambia za magari. Na siku ambayo magari hayaji, ila kuna soko au mazishi upande wa pili? Nafasi itajaa watu, kwa sababu nafasi hujaa. Anayebuni chombo chenye sitaha ya watu 400 na kuandika 60 kwenye cheti amemwachia karani wa tiketi kazi ambayo yeye mwenyewe angeimaliza kwa vyuma viwili vya kuzuia na benchi zilizofungwa sakafuni. Amejua tangu wiki ya kwanza. Programu ilikuwa mbele yake.

Mnataka mifano ya kweli? Natamani ningekuwa sina.

Feri ya Mtongwe ilipinduka Mombasa Aprili 29, 1994. Watu 272. Mimi sikuwa nimezaliwa, lakini huku kwetu watu wengi walikuwa na ndugu waliokwenda kutafuta kazi Mombasa, na bado kuna wanaoitaja feri ile kwa kushusha sauti. MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza Mei 21, 1996. Uwezo wake ulitajwa kuwa abiria 430, na waliokufa wanahesabiwa kuwa zaidi ya 500. MV Nyerere ilipinduka Septemba 20, 2018, ikiwa imebakiza hatua chache kufika Ukara. Uwezo wake ulikuwa abiria 101, waliokufa walizidi 220, na waliookolewa ni 41. Soma tena mbili hizi za mwisho. Waliokufa ni wengi kuliko idadi ambayo chombo kiliruhusiwa kubeba. Yaani hesabu ya uthabiti iliyokuwa kabatini, hata kama ilikuwa sahihi mpaka nukta ya mwisho, ilihusu chombo kingine, chombo cha karatasi, ambacho hakikuwahi kuelea kwenye ziwa lile siku ile.

Halafu kuna aina nyingine ya chombo cha karatasi. MV Skagit ilijengwa Marekani mwaka 1989 kwa ajili ya abiria wa Puget Sound huko Seattle, maji yaliyokingwa na nchi kavu. Ikauzwa mwaka 2011, ikaja kufanya kazi kati ya Dar es Salaam na Zanzibar, na Julai 18, 2012 ikapinduka karibu na Chumbe. Waliobuni Skagit hawakukosea kwao. Swali la bahari yetu, la kusi la mwezi wa Julai, halikuwa kwenye kompyuta yao, na sisi tulioinunua hatukuwa na mazoea ya kuuliza upya. Ingechukua siku ngapi kuchora upya bodi ile kwenye programu ya bure na kuipigisha mawimbi ya mkondo wa Zanzibar? Nasema siku, sisemi miezi.

Sitaki nionekane nalalamika tu. Mambo yamesogea. Kisumu, Kenya Shipyards Limited imejenga MV Uhuru II yenye urefu wa mita 100 ikishirikiana na Damen ya Uholanzi. Mwanza imejengwa MV Mwanza, mita 92.6, abiria 1,200, na kampuni ya Korea. Wachomeleaji wetu wamejifunza, na nawavulia kofia. Lakini mimi ni mtu wa kusumbua, nauliza: faili la umbo la bodi liko wapi? Jedwali la uzito liko wapi? Mwanafunzi wa uhandisi wa meli pale JKUAT, au pale Chuo cha Bahari cha Dar es Salaam, anaweza kulifungua akajaribu kuwakimbiza abiria upande mmoja? Kama hawezi, basi masanduku ya Yarrow bado yanapita Kiboko, sema siku hizi yanapita kwa waya wa intaneti na hayana hata kelele ya mabehewa.

Ninachotaka ni kitu kidogo, wala hakihitaji bajeti. Fedha za umma zikinunua chombo cha abiria, zabuni yenyewe iseme: tuonyesheni hesabu za mwanzo kwa cheti mara mbili na mara tatu, abiria wote upande mmoja, shehena juu ya sitaha, maji yakiwa yameingia ndani. Chombo hakilazimiki kufaulu yote. Lakini tujue kinashindwa wapi, na namba hiyo ipakwe rangi mlangoni pa kupandia, kwa Kiswahili, ili mama mwenye mtoto mgongoni aisome na aamue. Na faili liwekwe hadharani. Wataniambia ni siri ya kibiashara. Sanduku linaloelea lina siri gani? Hesabu zake niliziandika mimi, mtoto wa nchi kavu, jioni tatu.

(Kabla wahandisi wa meli hawajanirukia: hapana, sisemi mwandishi wa programu abuni meli. Sanduku langu la Python lisijengwe na mtu! Halina mawimbi, halina upepo, halina maji yanayocheza ndani ya matangi. Nasema kwamba hata kitu kijinga hivi kinatosha kuuliza swali sahihi, na swali haliulizwi.)

Na nyinyi wasanidi wenzangu, hasa mnaokwenda pwani na vipakatalishi kuwacheka mafundi wa majahazi. Nendeni Matondoni, Lamu, mkamwone fundi anavyolaza mkuku na kuinua mataruma bila mchoro hata mmoja. Mtasema anakisia. Hakisii. Anabeba kichwani vyombo vyote vilivyojengwa na baba yake, pamoja na vile vilivyozama, na akiona chombo chepesi juu anatia farumi chini bila kusubiri alama ya kijani. Mduara wa Evans umo ndani yake, umezunguka kwa karne kadhaa. Shida inakuja pale kitu kinapokuwa kipya hata jicho halijakizoea. Flipflopi, lile jahazi la mita 9 lililojengwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa na kuzinduliwa mwaka 2018, fundi wake Ali Skanda hakuwa na babu aliyechonga taruma la plastiki. Huko ndiko programu ina kazi halali, kukaa kando ya fundi na kumjibu anachouliza. Pale jicho lina karne za ushahidi, programu ikae chini isikilize.

Ila sisi tumependa nini? Picha. Nimeona vijana wenzangu wakionyesha meli zinazong'aa kwenye skrini, maji ya buluu, jua linazama, na siku hizi unaiambia akili mnemba "nichoree feri ya kisasa ya Ziwa Viktoria" na dakika moja baadaye unayo, ina madirisha na bendera. Niliomba moja. Nzuri sana. Nikapima kwa rula kwenye skrini, orofa tatu juu ya bodi nyembamba kama chombo cha mbio. Nikaingiza vipimo kwenye mistari yangu 60 na GM ikatoka na alama ya kutoa mbele yake. Meli ile ingelala ubavu pale pale gatini, kabla hata ya abiria wa kwanza kununua tiketi.

Nikaipeleka picha ile kwa mjomba pamoja na sanduku langu baya la mita 6. Nikamwuliza angepanda ipi. Mjomba hajawahi kuona ziwa. Alizitazama, akaelekeza kidole kwenye sanduku. Nikamwuliza kwa nini. "Hii nyingine," akasema, "ni kama mkokoteni uliopakiwa nyasi mpaka juu. Punda wangu anaijua."

Na ile kampuni ya tiketi? Walipata mtu mwingine wa kuwaandikia programu. Juzi nilikuwa upande ule, nikapanga foleni dirishani kama abiria yeyote, nikamwuliza kijana wa tiketi: mashine hii, chombo kikijaa, inajifunga yenyewe? Alicheka. Akasema tangu iwekwe haijajifunga hata siku moja.